Namna ya Kumtafutia Simba Ukoo

Kifungo kiko mkononi mwako. Ni cha madini, kimetuna kidogo mbele, nyuma kina kitanzi cha kupitishia uzi, na usoni pake amesimama mnyama ambaye hujawahi kumwona Mikumi wala Maasai Mara. Umekitoa kwenye bakuli la vikorokoro pale Portobello Road, London, Jumamosi asubuhi, kwa bei ya kikombe cha chai. Muuzaji hakujua kilikuwa cha nani. Wewe pia hujui. Tofauti yenu ni moja tu: yeye amekubali kwamba hajui, na wewe umenipata mimi.

Nikupe msingi kidogo, wa kutosha kuongea mezani. Karne ya 18 na ya 19, na miaka kadhaa ya karne ya 20, nyumba za kitajiri za Uingereza ziliwavalisha sare watumishi wa kiume: mfungua mlango, mpakuaji wa mezani, mwendesha gari la farasi, kijana wa zizini. Kwenye vifungo vya sare hiyo mwenye nyumba alipiga nembo yake. Mara nyingi hakupiga ngao nzima. Alipiga kile kiumbe kinachokaa kileleni, juu ya kofia ya chuma iliyo juu ya ngao. Bwana mwenyewe, hasa karne ya 19, alitoka na koti jeusi lisilo na makeke. Majivuno yake aliyabandika kwenye kifua cha mtu anayemlipa mshahara. Vifungo hivi, mwenzangu, vilizaliwa kwa ajili ya kuringa. Usione haya kuviendeleza katika kazi yao.

Hatua ya kwanza: usikigeuze

Mtu mwaminifu akipewa kifungo hukigeuza papo hapo. Wewe usithubutu. Nyuma ya kifungo kuna ukweli mwingi kupita mahitaji yetu.

Kuna jina la mtengenezaji: Firmin wa London, Jennens wa London, Hammond Turner wa Birmingham, na wenzao wengi. Kuna anwani, na anwani husema umri bila kuulizwa. Ukiona "Ltd", kifungo hakiwezi kuwa cha kabla ya 1855, mwaka ambao Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kampuni zenye dhima ya kikomo. Ukiona herufi za posta kama W.C. baada ya jina la mtaa, umeshafika mwishoni mwa miaka ya 1850 au mbele yake. Herufi hizo zikifuatwa na tarakimu, tuseme W.C.2, ni 1917 kuja huku. Herufi mbili na tarakimu moja zinatosha kabisa kuizika hadithi yako ya mtumishi aliyemfungulia mlango Admiral Nelson, ambaye alikufa mwaka 1805.

Ukishindwa kujizuia ukakigeuza, basi lisome jina la mtengenezaji kama jina la ukoo. Wengi wametangulia kufanya hivyo, tena kwa moyo safi kabisa. "Hiki ni cha kina Firmin," sema, "watu wazito sana, kwao ni mtaa wa Strand." Anwani si umeiona? Na ukikuta kifungo hakina jina ila maneno TREBLE GILT au EXTRA RICH, umebahatika zaidi. Hayo ni majigambo ya kiwanda kuhusu dhahabu iliyopakwa, lakini yakitamkwa polepole, nyusi zikiwa juu, hupita kama kaulimbiu ya mababu.

Dhahabu yenyewe isikutie kiwewe. Sheria ya mwaka 1796 ilitaka vifungo 144 vya upana wa inchi moja vipakwe angalau punje 5 za dhahabu ndipo viruhusiwe kuitwa vya dhahabu. Punje hizo ni kipimo cha sonara. Tano zake ni kama theluthi ya gramu. Gawanya kwa 144, halafu urudi tuendelee. Hesabu hiyo mteja asiijue.

Hatua ya pili: mtaje mnyama kabla hujamtazama

Kanuni ni nyepesi. Mwenye miguu minne ni simba. Mwenye mabawa ni tai. Asiyeeleweka ni joka. Kwa kanuni hii utamaliza bakuli zima kabla chai haijapoa, na utakuwa umekosea karibu kila kimoja.

Shida ni kwamba mabwana hawa walipenda wanyama kwa namna ya ajabu: waliwakatakata na kuwaunga upya. Mwenye kichwa, mabawa na kucha za tai, lakini kiuno na miguu ya nyuma ya simba, ni grifini. Joka lenye miguu minne, kama lile la bendera ya Wales, ndilo joka kamili. Likiwa na miguu miwili huitwa waivani, na ni la watu wengine kabisa. Waivani akivishwa kichwa cha jogoo huwa kokatrisi. Kwa hiyo mtaalamu huanza kwa kuhesabu miguu. Wewe weka kidole gumba juu ya miguu na uzungumzie mkia.

Simba naye ana mikao. Kuna anayesimama wima kwa miguu ya nyuma akipiga makucha hewani, anayetembea mkono mmoja juu, aliyeketi, aliyelala macho wazi, aliyelala usingizi. Kuna anayetazama mbele na anayekugeuzia uso. Kila mkao una jina lake la Kifaransa cha zamani, na ukibadili mkao umebadili ukoo. Simba wa kina Percy, mabwana wa ngome ya Alnwick kule Northumberland, hujulikana kwa mkia wake ulionyooka nyuma kama fimbo. Usihangaike na haya yote. Sema tu "simba wa Kiingereza" na utikise kichwa.

Vichwa ndivyo mtego mbaya kuliko yote. Nembo nyingi ni kichwa kitupu, cha kulungu, cha nguruwe mwitu, cha mbwa mwitu, na wenye nembo wanatofautisha kichwa kilichokatwa kwa mstari ulionyooka na kichwa kilichonyofolewa, chenye ncha tatu za manyoya zinazoning'inia shingoni. Ni familia mbili tofauti, pengine zisizosalimiana. Ukiona zile ncha, sema ni uchakavu.

Ndege wana vituko vyao. Yule anayejidonoa kifua huku makinda yakimwangalia ni mwari, anayesemekana kulisha wanawe kwa damu yake. Lumley, mabwana wa cheo cha Earl wa Scarbrough, ni miongoni mwa waliomchukua. Mtu wa kawaida humwita bata. Yule mdogo asiye na miguu ni mbayuwayu wa nembo, na kwa desturi ya Waingereza akichorwa mdogo pembeni ni alama ya mtoto wa kiume wa nne. Husemwa hana miguu kwa kuwa mtoto wa nne hana ardhi ya kukanyaga. Mtoto wa pili hupewa mwezi mchanga. Kwa hiyo ukiona kijimwezi kwenye bega la simba, tafadhali usimtangazie mtu yeyote wa Mombasa kwamba bwana huyo alisilimu.

Kuna wachache ambao huna ujanja nao, maana kila mkusanyaji wa Uingereza anawafahamu. Nyoka aliyejipiga fundo humpeleka mtu moja kwa moja kwa kina Cavendish wa Chatsworth, yaani Duke wa Devonshire. Mbuzi aliyesimama kwa utulivu ni wa Russell, Duke wa Bedford. Tai aliyemshika mtoto mchanga ni wa Stanley, Earl wa Derby; nembo hiyo hata imezipa jina baa kadhaa, ikiwemo ile ya Oxford ambako Tolkien na C. S. Lewis walikuwa wakikutana. Tausi aliyetandaza mkia ni wa Manners, Duke wa Rutland, ambaye ngome yake huandikwa Belvoir na hutamkwa Biva. Hapo ndipo unapopata pointi: mwache mwenzako aseme "Belivoa" mbele za watu, kisha umsahihishe kwa upole. Baada ya hapo atakuamini hata ukimwambia mwari ni bata.

Na kuna mmoja anayetuhusu sisi. John Hanning Speke aliliona ziwa Nyanza mwaka 1858, akaliita Victoria, na akafa mwaka 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe bila kupewa cheo chochote. Mwaka 1867 familia yake ya Somerset ikapewa fidia ya heshima: mamba akae kileleni mwa nembo, na mamba mwingine ashirikiane na kiboko kushika ngao. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa naye safari zote mbili za ziwani, alipata medali ya fedha. Mnyama hakupewa. Ukikuta mamba kwenye bakuli la Portobello, nunua kwanza, uulize bei baadaye, na usinionyeshe kama huna nia ya kuniuzia.

Hatua ya tatu: mpandishe cheo

Tazama chini ya mnyama. Mara nyingi utaona kipande kinene kilichosokotwa, mistari mitano sita ya kulala upande. Hiyo ni ngata. Ndiyo, ngata, kama ile ya kubebea ndoo kichwani. Mpiganaji wa zamani aliivaa juu ya kofia ya chuma ili kuficha maungio ya nembo. Ngata haina cheo wala faida kwetu. Ipite.

Tunachotafuta ni taji. Cheo cha Waingereza kinasomeka kwenye taji, na ukijua kusoma majani utakuwa hatari. Duke ana majani ya stroberi, matano yanayoonekana. Marquess ana majani matatu na lulu mbili kati yake. Earl ana lulu tano zilizopanda juu ya miiba mirefu, majani yakiwa chini katikati. Viscount ana lulu zilizojipanga kwa kubanana, saba au tisa. Baron ana nne tu, kubwa, zenye nafasi. Lulu nasema, ila ni vitufe vya fedha. Hata mabwana huita vitu kwa majina makubwa kuliko yanavyostahili, na hapo napata moyo wa kuendelea kukufundisha.

Sasa sikiliza siri. Liko taji dogo lenye majani matatu, ambalo mnyama hutokea ndani yake au husimama juu yake. Hilo si cheo. Ni pambo la nembo tu, na familia nyingi za mashamba ya kawaida, zisizo na cheo hata kimoja, zinalo. Linafanana sana na taji la Duke. Unaona tunakokwenda? Majani mawili yaliyopungua, waambie yamegeukia nyuma. Sehemu tamu ni kwamba taji halisi la Duke lina majani manane kweli, na matatu huwa yamejificha nyuma, kwa hiyo atakayekwenda kukuhakikisha vitabuni atarudi akiwa amechanganyikiwa kidogo na kukuheshimu zaidi.

Ukikuta kiganja kidogo kilichofunguka pembeni mwa nembo, hicho ni cha Baronet. Cheo hicho kilianzishwa na King James wa Kwanza mwaka 1611 na kuuzwa kwa pauni 1,095, kiasi cha kuwalipa askari 30 kwa miaka mitatu kule Ulster. Usimcheke. Angalau huyo alikuwa na risiti.

Na ukikuta ngao ya umbo la uru ya karata, badala ya ngao ya kawaida, mwenye nyumba alikuwa mwanamke: mjane au asiyeolewa. Hiyo uza kama zawadi ya mapenzi.

Hatua ya nne: sugua

Chukua Brasso. Chukua kitambaa. Sugua mpaka mkono uume. Dhahabu ile ya theluthi ya gramu kwa vifungo 144 itaondoka dakika ya pili, na shaba itang'aa kama jua la Lamu. Mjuzi akiona atashika kifua. Mwache. Endelea kusugua mpaka mnyama apoteze macho, kisha pua, kisha manyoya ya shingo. Simba asiye na uso anaweza kuwa simba wa ukoo wowote, nawe umejipunguzia kazi yote ya hatua ya pili.

Hatua ya tano: fungua kitabu upande unaokupendeza

Kitabu chenyewe kipo. James Fairbairn alikusanya nembo za kileleni za familia za Uingereza na Ireland, kikatoka mwaka 1859, na toleo la mwaka 1905 linapatikana bure kwenye intaneti. Kina majina kwa mpangilio wa alfabeti, kina kaulimbiu, na kina kurasa za michoro ambazo kila mchoro una orodha ya waliokuwa nao. Mtaalamu huanzia kwenye mchoro, akaorodhesha familia zote zenye mnyama huyo, akaondoa zisizokuwa na rangi ya madini inayofaa, zisizokuwa na cheo kinacholingana na taji, zilizozimika kabla ya mtengenezaji kuhamia anwani ile ya nyuma. Kazi hiyo humchukua jioni nyingi, na mara nyingi hubaki na majina saba na maumivu ya shingo. Nusu-simba aliyesimama wima, kwa mfano, alipendwa na watu wengi kiasi kwamba kumtambua mwenyewe kwa mnyama peke yake haiwezekani.

Wewe anzia kwenye jina. Chagua ukoo kwanza, kisha umtafutie simba. Chagua wenye jumba linaloingiza watalii, ili mteja aweze kwenda Jumapili akatazame na kusema "kifungo changu kilikaa hapa". Chagua jina linaloandikwa kwa herufi nyingi na kutamkwa kwa chache. Cholmondeley, ambalo ni "Chamli", linafaa sana. Usichague Smith. Kina Smith walikuwa na nembo pia, tena nyingi, lakini hakuna anayesafiri kwenda kuona nyumba ya Smith.

Kama dhamiri inakuchoma, ipake mafuta kwa historia kidogo. Wenyewe walifanya hivi hivi. Enzi za Malkia Victoria, wachonga mihuri wa London walitangaza magazetini: tuma jina lako na kaunti yako, nasi tutakutafutia nembo. Wakatafutiwa. Mfanyabiashara wa mafuta ya mishumaa akapata kichwa cha kulungu kilichokuwa cha mtu mwingine wa jina hilo hilo, akakipiga kwenye vifungo vya mwendesha gari lake, na kifungo hicho ndicho leo unachohangaika kukitafutia Earl. College of Arms, ofisi ya nembo ya London iliyopewa hati mwaka 1484, ilinung'unika. Serikali haikunung'unika. Tangu 1798 ilikuwa inatoza kodi ya kutumia nembo, na sheria ya mwaka 1869 ikasema wazi kwamba kodi ni ile ile, nembo iwe imesajiliwa College of Arms au haikusajiliwa. Mwizi wa simba na mwenye simba walilipa sawa mpaka kodi ilipofutwa mwaka 1944.

Mahakama je? Ipo moja ya kesi za nembo. Ilikaa mwaka 1954, Halmashauri ya Jiji la Manchester ilipoishtaki kampuni ya ukumbi wa michezo kwa kutumia nembo ya jiji. Halmashauri ilishinda. Kabla ya hapo mahakama hiyo haikuwa imekaa kwa zaidi ya miaka 200, na tangu siku hiyo haijakaa tena, kwa hiyo foleni yako ni ndefu. Ila ukivuka kwenda Scotland punguza sauti. Kule kuna Lord Lyon, ana mahakama yake inayofanya kazi, na sheria ya nembo ya mwaka 1672 bado ina meno.

Hatua ya sita: mazoezi ya nyumbani

Si lazima ukate tiketi ya ndege. Nenda Gikomba, au Karume pale Dar es Salaam, uulizie blazer za mtumba. Utakuta vifungo vya manjano vyenye simba wawili wanaoshikilia ngao, taji juu, na utepe chini wenye maandishi yasiyosomeka. Ngao hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Ilibuniwa na kiwanda cha nguo ili muuza bima wa Leeds ajisikie ana babu. Nyuma mara nyingi utakuta plastiki. Usigeuze, nimeshasema. Na ukimwona chui milia peke yake na neno Leicestershire, au joka la kikosi cha Buffs, hao ni wa jeshi, hawana ukoo. Kichwa cha mbweha chenye herufi mbili pembeni ni cha chama cha kuwinda. Vyote hivi vinauzika kama vya sare za nyumba kubwa kwa mtu aliye na haraka.

Hatua ya saba: mzue mtumishi

Kifungo bila mtu hakina bei. Mteja atauliza nani alikivaa, na lazima uwe tayari. Mfanye mrefu. Hapa hutakuwa unadanganya sana: wapakuaji wa mezani walichaguliwa kwa urefu, wakapangwa wawili wawili wanaolingana, na mrefu aliweza kudai mshahara mnono zaidi. Mpe jina la John au James. Hapo pia uko salama, maana nyumba nyingi zilimwita mtumishi kwa jina la nafasi yake na si alilopewa na mama yake. Akija mwingine, naye ni James.

Mpake poda nyweleni, ila kwa tahadhari ya miaka. Poda ilitozwa kodi ya ginii moja kwa mwaka kuanzia 1795. Mtumishi wa kiume mwenyewe alikuwa ametozewa kodi tangu 1777, vita vya Marekani vilipohitaji fedha, na kodi hiyo ilidumu mpaka 1937. Ukijumlisha na nembo ya kifungoni, kijana aliyesimama nyuma ya gari la farasi alikuwa stakabadhi ya kodi yenye miguu. Majirani walijua kuisoma, na ndiyo maana bwana alimsimamisha nje, mvua ikinyesha.

Kuhusu mahali kilipookotwa, kuwa hodari. Kama kimetoka shambani, sema ni cha jumba lililo karibu zaidi. Usimwambie mteja kwamba matambara ya London yalisafirishwa mashambani kuwa mbolea, vifungo vikiwa bado vimo, hasa kule Kent kwenye mashamba ya hopsi. Kwa hiyo kifungo cha Mayfair kinaweza kuamkia kwenye matope ambayo bwana wake hakuwahi kuyasikia. Kama kimetoka kwenye kingo za Thames, sema tu kimetoka majini, usieleze sana, maana hata kutafuta kwa macho kunahitaji kibali cha Port of London Authority, na hapo nisingependa uigize.

Hatua ya mwisho: mjuzi anapofika

Atafika. Hufika kila mara, saa nne asubuhi, mzee mwenye koti la mvua na lenzi inayoning'inia shingoni kwa kamba. Hasemi jambo. Atachukua kimoja kati ya vifungo kumi na viwili ulivyopanga kuuza, atakigeuza, atasoma nyuma, atahesabu miguu, atahesabu majani ya taji, kisha atakutazama.

Usibishane naye, na usimwambie habari za Nelson. Sema, "Nawe umeliona hilo, mzee?" kwa sauti ya mtu aliyekuwa akimsubiri. Atayeyuka. Watu hawa wamekaa miaka mingi na maarifa ambayo wake zao walishachoka kuyasikia, na wewe ndiye wa kwanza mwaka huu kuwauliza. Muulize ni wa nani. Atakwambia ukoo, tawi la ukoo, jumba lilipo, na mwaka lilipobomolewa. Tia huruma kidogo kuhusu jumba. Mwuzie hicho alichoshika kwa nusu bei, mshukuru, msindikize kwa macho mpaka apotee kwenye umati, kisha liandike jina alilokutajia kwenye kadi za vile kumi na kimoja vilivyobaki, hata vile vyenye joka.